Chupa Sita Kabla ya Sitini

Ukitaka kuijua wiski, nunua chupa sita zisizofanana na uzifungue zote. Hilo ndilo shauri langu kwa yeyote anayeanza kukusanya hapa Nairobi, na nalitoa nikijua kuwa wengi huanza kwa njia nyingine: mzinga wa miaka 12, kisha wa 15, kisha wa 18, yote ya kiwanda kimoja, yote ikiwa imefungwa kwenye maboksi yake juu ya kabati. Pesa nyingi hutoka na ulimi haujifunzi kitu. Chupa tatu za ukoo mmoja hutofautiana kwa mambo madogo ambayo anayeanza bado hana uwezo wa kuyashika. Anza na tofauti kubwa, zile ambazo hata mtu aliyefungwa macho atazitambua, na hizo ndogo zitakuja zenyewe.

Umri nao hueleweka vibaya. Namba iliyoandikwa kwenye lebo ni ya wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo, na huhesabu miaka ya ndani ya pipa tu. Chupa ikishazibwa, hesabu imeishia hapo. Mzinga wa miaka 12 uliohifadhiwa tangu arusi ya 1995 ungali wa miaka 12 hadi leo. Wala usilinganishe umri wa nchi moja na wa nyingine. Scotland kuna baridi, na kila mwaka takriban asilimia 2 ya kilichomo pipani hupotea kama mvuke. Wenyewe huita fungu la malaika. Kentucky, Marekani, majira ya joto ni makali, mapipa ni mapya, na wiski hunyonya mbao haraka. Burboni, yaani wiski ya mahindi ya Marekani, ikiwa ya miaka 8 inaweza kuwa nzito na nyeusi kuliko wiski ya Scotland ya miaka 18, na ikikaa pipani kupita kiasi hubaki na ladha ya ubao mkavu na uchungu wa chai iliyochemshwa mara tatu.

Lebo isomwe kabla ya bei

Burboni ina sheria kali, na sheria hizo ndizo ladha yake. Lazima itengenezwe Marekani, mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka, na pipa liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa ndani kwa moto. Inapokenekwa, yaani inapogeuzwa mvuke na kupozwa tena, haipaswi kuzidi kileo cha asilimia 80, inapoingia pipani isizidi 62.5, na chupani isipungue 40. Haiongezwi rangi. Rangi yote unayoiona imetoka kwenye ubao ulioungua. Anayejua jinsi Wakalenjin wanavyosugua kibuyu cha mursik kwa makaa ya mti wa senetwet ataelewa upesi kwa nini chombo kilichopitiwa na moto hubadilisha kinachowekwa ndani.

Ukiona neno Straight, imekaa pipani miaka 2 au zaidi. Na ikiwa haijafika 4, umri lazima uandikwe. Ukiona Bottled in Bond, hiyo ni sheria ya Marekani ya 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa kukeneka, miaka 4 au zaidi kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na kileo cha asilimia 50 kamili. Kwangu mimi hayo ndiyo maneno yenye thamani kubwa zaidi kwenye lebo ya burboni ya bei ya kawaida. Wamarekani pia huandika prufu, ambayo ni kileo mara mbili. Prufu 90 ni asilimia 45.

Wiski ya Scotland inatakiwa kukaa miaka 3 au zaidi ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, hukohuko Scotland, na kutiwa chupani ikiwa na angalau asilimia 40. Single Malt maana yake ni kimea cha shayiri (shayiri iliyooteshwa) peke yake, kutoka kiwanda kimoja. Neno hilo la kwanza halimaanishi pipa moja, kama wengi wanavyodhani. Chupa hiyo inaweza kuwa mchanganyiko wa mamia ya mapipa ya kiwanda hicho. Blendi ni wiski ya kimea iliyochanganywa na wiski ya nafaka nyingine, kwa kawaida ngano au mahindi. Huko Scotland rangi ya karameli inaruhusiwa, kwa hiyo weusi wa wiski usikushawishi kulipa zaidi.

Kuna jambo moja dogo kuhusu asilimia 46. Wiski ikiwa chini ya hapo, kisha ikapata baridi au maji, mafuta yake ya asili huganda kidogo na kuifanya iwe na ukungu. Viwanda vingi huipoza na kuichuja ili ibaki angavu, na katika kuichuja huondoa sehemu ya uzito wake mdomoni. Ndiyo sababu chupa nyingi zisizochujwa kwa baridi huanzia 46. Ukungu ukitokea kwenye glasi yako ya wiski ya namna hiyo baada ya kuongeza maji, haina kasoro yoyote.

Sita zenyewe

Mbili za kwanza ni burboni, na ni jozi: Maker's Mark na Bulleit. Zote zina kileo cha asilimia 45, kwa hiyo nguvu haikuchanganyi. Maker's Mark ni mahindi 70, ngano 16 na kimea cha shayiri 14 kwa mia. Bulleit ni mahindi 68, rai 28 na kimea 4. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, na ladha yake huja kama pilipili manga na mdalasini. Ngano huiacha burboni laini, karibu na mkate mtamu. Zimimine pamoja na utaisikia nafaka waziwazi. Hakuna jozi nyingine rahisi kupatikana inayofundisha somo hili vizuri hivyo. Jack Daniel's ina tabia za ukoo huohuo, ila huchujwa kwenye makaa ya mti wa mepo kabla ya kuingia pipani, na wenyewe huiita wiski ya Tennessee.

Ya tatu ni Jameson. Ni ya Ireland, imekenekwa mara tatu, na sehemu yake imetokana na shayiri ambayo haikuoteshwa kuwa kimea. Kila baa mjini inayo, na ndiyo maana inafaa kama kipimo chako unapotembea.

Ya nne ni wiski ya kimea isiyo na moshi: Glenfiddich 12 au Glenlivet 12, yoyote utakayoipata kwa bei nzuri. Utanusa peasi, tofaa bichi na vanila kwa mbali. Vanila hiyo inatoka Marekani. Kwa kuwa sheria inadai pipa jipya kwa burboni, mapipa yakishatumika mara moja huuzwa, na mengi huishia Scotland. Ukiwa na Maker's Mark kwenye glasi ya pembeni, nusa hii na ile, na utaliona pipa likihama bahari.

Ya tano ilazwe kwenye pipa lililobeba sheri, ile divai nzito ya Uhispania. GlenDronach 12, yenye asilimia 43, inafaa sana. Aberlour 12 pia, ambayo huchanganya mapipa ya namna mbili. Hapa kuna zabibu kavu, tende na keki ya matunda. Wakati mwingine kuna harufu ya kijiti cha kiberiti kilichozimwa, nayo hutoka kwenye salfa iliyochomwa ndani ya mapipa ili yasioze. Wengine huipenda. Mimi huona ikizidi inafunika kila kitu.

Ya sita ni moshi: Talisker 10, kutoka kisiwa cha Skye, asilimia 45.8. Moshi wake unatokana na piti, yaani mabaki ya mimea yaliyolala kwenye kinamasi kwa maelfu ya miaka, yakachimbwa, yakakaushwa na kuchomwa chini ya kimea. Atakayekuambia kiwanda fulani kina fenoli, zile kemikali za moshi, sehemu 50 kwa milioni, jua kwamba namba hizo hupimwa kwenye kimea. Kinachofika chupani ni kidogo zaidi, kwa hiyo usizitumie kulinganisha chupa na chupa.

Kununua bila kuuziwa maji ya rangi

Kila chupa halali ya pombe kali hapa nchini ina stempu ya ushuru ya KRA, na zilizotoka nje huwa pia na stika ya KEBS. Pakua programu ya Soma Label ya KRA, haina malipo, na uikague stempu hiyohiyo kabla hujatoa pesa. Linganisha jina, aina na ujazo vinavyotokea kwenye simu na vilivyo kwenye lebo. Stempu iliyokunjamana, iliyobandikwa juu ya gundi ya pili, au iliyo na taarifa za kinywaji kingine, iache chupa hapo hapo.

Kisha kagua chupa yenyewe. Tafuta namba ya toleo, ambayo kwa kawaida huchapwa au huchongwa kwenye kioo karibu na kitako au nyuma ya lebo. Ikiwa imekwanguliwa, kuna aliyekuwa na sababu. Pindua chupa uangalie takataka zinazoelea. Zungusha kifuniko kwa vidole viwili: ngozi ya plastiki au bati lililo juu yake lisicheze. Panga chupa tatu za aina hiyohiyo bega kwa bega na utazame kimo cha wiski shingoni. Tofauti ya milimita chache ni ya kawaida, ya sentimita mbili si ya kawaida. Ikiwa bei ni nusu ya ile ya supamaketi zote, jibu umeshalipata. Methanoli hainusiki ikajulikana wala haina ladha ya kukuonya, kwa hiyo usimwamini anayesema atakuonjesha kwanza ili uhakikishe.

Bandia nyingi huzaliwa kwenye chupa halisi. Mzinga ukiisha, chana lebo kwa kisu, kwangua stempu na utupe kifuniko mbali na chupa. Chupa nzuri yenye lebo safi ina wanunuzi wake mjini, na si wote wanaitafutia asali.

Bei ipigiwe hesabu kwa mililita. Chupa ya mililita 700 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 257 kwa toti ya mililita 30. Chupa ya lita kwa shilingi 7,500 ni 225. Kwenye rafu ile ya pili huonekana ghali. Kwa chupa usizozijua, tafuta kwanza kota au toti ya baa yenye wateja wengi, ambako chupa haikai wazi miezi. Anayerudi kutoka safari anaruhusiwa kuingia na lita moja ya pombe kali bila ushuru akiwa na miaka 18 au zaidi. Lita hiyo itumie kwa chupa isiyouzwa Nairobi. Zile zilizoko supamaketi ya mtaani kwenu ziache huko uwanja wa ndege.

Kizibo na mwinuko

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni takriban kilopaskali 83; pwani ni 101. Chupa iliyozibwa karibu na usawa wa bahari hufika hapa ikiwa na hewa inayosukuma kutoka ndani. Kwa kizibo chenye kipenyo cha sentimita 2, msukumo huo ni zaidi ya uzito wa nusu kilo. Ndiyo maana vizibo vya hapa huruka au hupumua kwa sauti vikifunguliwa mara ya kwanza. Weka kidole gumba juu ya kizibo, kishike kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine uzungushe chupa badala ya kizibo. Usikipinde pembeni, kwa sababu hapo ndipo hukatika. Ukifunga chupa hapa kisha ukaipeleka Mombasa, hali hugeuka: hewa ya huko hukikandamiza kizibo, na kukitoa kunakuwa kazi.

Kizibo kikikatika, usihangaike. Kichomoe kilichobaki kwa kizibuo cha divai, pitisha wiski kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, irudishe chupani na uifunge kwa kizibo cha akiba. Akiba hiyo ipatikane vipi? Kila chupa yako halali inapoisha, weka kizibo chake kwenye mtungi mdogo. Baada ya mwaka utakuwa na saizi zote.

Chupa isimame wima sikuzote. Divai hulazwa ili kizibo kisikauke, lakini kileo cha asilimia 40 na zaidi hukila kizibo na kukifanya kiwe unga. Jua ni adui mwingine, na la kwetu ni kali mwaka mzima: dirisha linalotazama magharibi litaifubaza rangi na ladha kwa miezi michache. Hali ya hewa ya Nairobi kwa jumla inaipenda wiski. Epuka tu kabati lililo juu ya jiko, chumba chenye paa la mabati lisilo na dari, na buti la gari.

Kuonja

Mwinuko hauishii kwenye kizibo. Hewa ikiwa nyepesi, mvuke wa pombe hupanda upesi zaidi, na pua huchomeka haraka. Kwa hiyo usizamishe pua ndani ya glasi jinsi unavyoona kwenye picha. Anza na glasi usawa wa kidevu, ipandishe polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo, na usimame pale harufu inapokuwa tamu kabla haijawa kali. Vuta pumzi fupi mbili tatu, kisha pumzika. Ukitaka kusafisha pua, nusa mkono wako mwenyewe, mahali pasipo na mafuta.

Glasi ndiyo nusu ya kazi. Ile iitwayo Glencairn, iliyotoka mwaka 2001, ina tumbo pana na mdomo mwembamba unaokusanya harufu. Ukiikosa, glasi ndogo ya divai yenye umbo la tulipu inatosha kabisa. Glasi ya toti haina nafasi ya harufu, na ile pana ya barafu huitawanya. Ioshe kwa maji moto bila sabuni yenye manukato, ikauke ikiwa imesimama, na usiifute kwa kitambaa kilichokaa kabatini pamoja na nguo.

Maji nayo yafikiriwe. Maji ya mfereji yana klorini. Yachemshe au yaache kwenye jagi wazi usiku kucha. Maji ya visima virefu vya mitaa mingi ya Nairobi yana madini mengi, floraidi ikiwemo, na hubadilisha ladha. Chukua ya chupa yasiyo na gesi, na usome kwenye lebo ile namba ya jumla ya madini yaliyoyeyuka. Iliyo ndogo ndiyo bora. Nunua pia bomba la sindano la mililita 5 kwenye duka la dawa, lisilo na sindano. Kifaa hicho cha shilingi chache kitakusaidia kuliko chochote kingine utakachonunua.

Mimina mililita 15 katika kila glasi, glasi zisizidi nne kwa kikao. Hizo ni toti mbili kwa jumla, kiasi kinachotosha kujifunza na kuacha akili ikiwa timamu. Na hata hizo zikuache nyumbani, gari likiwa limeegeshwa. Panga kutoka kileo cha chini hadi cha juu, na moshi uwe wa mwisho daima: Talisker ikitangulia, Glenfiddich itakayofuata itaonekana kama maji. Funika kila glasi kwa kisahani na uziache dakika 10. Usiku wa Julai, chumba kikiwa na nyuzi 16 au 17, wiski hujifunga. Ishike glasi kiganjani hadi ipate joto.

Mkupuo wa kwanza uwe mdogo sana, na usiuhukumu. Kazi yake ni kuuzoesha mdomo ukali. Wa pili ndio wa kusikiliza: uzungushe ulimini hesabu ya kumi, umeze au uteme, kisha toa pumzi kwa pua huku mdomo umefungwa. Hapo ndipo ladha nyingi huja. Hesabu sekunde hadi ladha iishe. Mkia mrefu pekee si sifa. Uliza mkia huo una ladha ya nini.

Halafu maji. Hesabu ni rahisi: zidisha mililita ulizomimina kwa kileo kilichopo, gawanya kwa kileo unachokitaka, kisha toa mililita za mwanzo. Mililita 15 za asilimia 60 kuzishusha hadi 46 huhitaji karibu mililita 4.6, kutoka 50 hadi 43, mililita 2.4, kutoka 45 hadi 40, chini kidogo ya 2. Tia nusu mililita kwa nusu mililita, ukinusa kila mara. Burboni nzito hufunguka na kutoa matunda. Wiski ya asilimia 40 iliyochujwa huvunjika haraka, na matone mawili yanaitosha. Maji ukishayatia hayatoki. Barafu, kwa kikao cha kujifunza, iache kabisa, kwa sababu baridi huziba harufu na kuutia ulimi ganzi. Siku ya kujiburudisha ni shauri lako.

Kinachoharibu kikao huwa hakimo kwenye chupa. Dawa ya mbu ya kuchoma, ubani, manukato ya mgeni, kachumbari ya nyama choma, dawa ya meno. Ukila kitunguu kibichi saa moja kabla, burboni zote zitafanana. Mkate mweupe mkavu na maji vinatosha katikati ya glasi.

Majina ya harufu yako sokoni

Watu wengi hukwama wanaposoma maelezo yenye matunda ya mwituni ya Ulaya wasiyowahi kuyaona. Achana nayo. Nenda Ngara ununue viungo vya pilau, na upange vikombe vidogo mezani: karafuu, mdalasini, iliki, sukari guru, nazi iliyokaangwa, tende, ndizi iliyoiva hadi ganda likawa na madoa, ganda la chungwa, unga mkavu wa uji wa wimbi, kipande cha samaki wa kufukizwa. Nusa glasi, nusa kikombe, rudi kwenye glasi.

Mchezo huu una msingi wa kweli. Mwaloni una yujenoli, kemikali ileile inayoifanya karafuu inuke karafuu. Mwaloni wa Marekani una laktoni zenye harufu ya nazi. Ubao ukichomwa hutoa vanilini. Hamira inapochacha hutengeneza esta yenye harufu ya ndizi mbivu, na moshi wa piti una fenoli zilizo jamaa ya zile za samaki wa kufukizwa. Baadhi ya wiski za kisiwa cha Islay hunuka kama kidonda kilichopakwa ayodini, na anayekuambia hivyo hakutukani wiski yako.

Andika papo hapo, kwenye daftari, kabla hujasikia la mwenzako. Tarehe, chupa, kileo, kimo cha wiski kilichobaki, maji kiasi gani, maneno matatu ya harufu, matatu ya ladha, sekunde za mkia. Alama ukipenda, ila maneno ndiyo yatakayokufaa baadaye.

Na ujipime. Mtu mwingine amimine glasi tatu, mbili za chupa moja na moja ya nyingine, ageuze mpangilio, nawe utafute iliyo tofauti. Kwa kubahatisha utapata mara moja kati ya tatu. Ukipata mara tatu mfululizo, bahati ingekupa hivyo mara moja kati ya 27, kwa hiyo unaweza kuanza kuuamini ulimi wako. Anza na Maker's Mark dhidi ya Bulleit. Chupa mbili za bei tofauti ukishindwa kuzitenganisha, umeokoa pesa.

Chama cha chupa

Wiski iliyofunguliwa huliwa na hewa polepole. Hadi nusu ya chupa haina haraka. Mwaka mmoja unaweza kupita bila dhara kubwa. Ikishuka chini ya theluthi, hewa imekuwa zaidi ya mara mbili ya wiski, na matunda hutangulia kupotea. Imalize ndani ya miezi mitatu hivi, au ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo uijaze hadi shingoni.

Njia bora zaidi ya kuepuka shida hiyo, na ya kuzimudu bei za Nairobi, ni chama. Watu saba, mzinga mmoja wa mililita 750 kila mwezi, kila mmoja mililita 100, na 50 zinazobaki zionjwe pamoja siku ya kugawana. Kwa bei ya mzinga mmoja, baada ya miezi saba kila mwanachama ameonja mizinga saba. Mgawanyo huu ni wa kuchangiana gharama tu. Kuuza pombe bila leseni ni kosa.

Chupa za mgao ziwe za kioo, za mililita 100, zenye vifuniko vya kuzungusha vyenye koni ya plastiki ngumu ndani. Zinapatikana kwenye maduka ya vifungashio yanayouzia watengenezaji wa asali na mafuta. Epuka vifuniko vyenye mpira wa kudondoshea, kwa sababu kileo huula mpira na baada ya wiki chache wiski inanuka tairi. Zioshe kwa maji moto, zikaushe kabisa, kisha zisuuze kwa mililita 2 za wiski yenyewe na uimwage. Gawa kwa silinda ya kupimia ya kioo, si kwa kukadiria kwa macho. Ugomvi wa chama huanzia kwenye mililita kumi. Bandika karatasi yenye jina, kileo na tarehe, na ujaze hadi shingoni.

Chupa ya saba itajichagua kwenye daftari. Tazama ipi kati ya sita imeisha kwanza, kisha nunua inayotofautiana nayo kwa jambo moja tu. Kama ni Talisker, nenda Ardbeg 10 yenye asilimia 46, au Lagavulin 16 ukitaka moshi uliotulia. Kama ni Bulleit, tafuta wiski ya rai, ambayo kwa sheria ya Marekani ina rai asilimia 51 au zaidi. Kama ni Maker's Mark, panda kileo: Wild Turkey 101 ina 50.5, ila kumbuka ngano imetoka na rai imeingia, kwa hiyo hapo umebadilisha mambo mawili. Na kama ni GlenDronach, Aberlour A'bunadh hutiwa chupani kwa nguvu ileile ya pipani, karibu asilimia 60, kwa hiyo bomba la mililita 5 liwe mezani kabla hujafungua.